Kabureta ya Shemeji

Watu wananipigia simu kutoka Ohio, kutoka Indiana, mmoja hata kutoka Alaska, na wote wanauliza swali lilelile: kwa injini kubwa ya V-8 ya zamani, kabureta ipi ni bora, ya kiwandani au ya mbio? Nimelijibu kwa miaka arobaini na kitu mpaka nimelikinai. Zamani nilikuwa naeleza saa nzima, chakula kinapoa mezani. Siku hizi nasema, "Inategemea," nanyamaza, na mtu wa upande wa pili anadhani namficha siri.

Hakuna siri yoyote. Kazi ya kabureta ni kuchanganya petroli na hewa, basi. Ile ya kiwandani ina midomo minne, miwili midogo mbele na miwili mikubwa nyuma. Ukiendesha kistaarabu inakunywa kwa ile midogo tu, na ukikanyaga mafuta mpaka chini ndipo mikubwa inafunguka, na hapo ushikilie usukani. Ila inataka fundi mwenye subira, maana ndani yake kuna vidude vingi kuliko saa ya ukutani. Ile ya mbio ina midomo minne iliyolingana, na pampu mbili zinazorusha petroli kila unapogusa pedali. Inaamka haraka, inanguruma, na inakunywa kama mtu aliyepokea mshahara leo. Kuibadili ni rahisi: unalegeza boliti nne za bakuli, unatoa jeti, yaani vile vipande vya shaba vyenye tundu la kupitishia petroli, unaweka nyingine, unafunga. Wenye papara wanaipenda.

Mimi ni mtu wa ile ya kiwandani. Shemeji yangu, Delbert Haske, aliyemwoa dada yangu Lucille, ni mtu wa ile ya mbio. Yangu aliibatiza jina la Mtawa, kwa sababu eti haigusi kitu isipokuwa divai ya misa. Nami yake nikaiita Mlevi. Majina yalishika, na huku kwetu Bay City, Michigan, kuna watu wazima wanaoyajua hayo majina kuliko wanavyolijua langu, ambalo ni Casimir, Kaz kwa kifupi.

Ugomvi huu ulianza Pasaka ya mwaka themanini na moja, mezani kwa Lucille. Tulikuwa tumenunua gari moja kwa ubia, Pontiac GTO ya mwaka sitini na nane, ya kijani, na tukashindwa kukubaliana tulifunge kabureta ipi. Tulibishana kuanzia supu mpaka keki. Lucille akaugonga mwiko mezani. "Nendeni mkapime huko, mniache nile!" Na kwa kuwa alitufahamu wote wawili, akatutungia sheria papo hapo. Jumamosi ya mwisho ya Septemba, kwenye uwanja wa mbio za robo maili. Gari lilelile, petroli ileile, kila mtu mbio tatu na kabureta yake, muda mzuri kuliko yote ndio unaohesabiwa. Mwembamba awekewe mifuko ya chumvi kwenye buti mpaka uzito ulingane. Mwembamba ni mimi.

Sheria ya mwisho ndiyo iliyowachekesha watu. "Kwa kuwa hakuna hata mmoja wenu ninayemwamini," alisema dada yangu, "kila mtu atatengeneza kabureta ya mwenzake." Ndivyo ilivyokuwa. Mlevi natengeneza mimi, Mtawa anatengeneza Delbert. Unaifungua yote, unaisafisha, unaipangia jeti zinazoifaa, unaitia kwenye boksi pamoja na karatasi yenye namba zote na sahihi yako. Boksi linafunguliwa uwanjani. Ukimharibia mwenzio hakuna atakayejua, isipokuwa wewe. Tumefanya hivyo miaka arobaini na miwili na hakuna aliyemharibia mwenzake. Nimeona ndoa nyingi zisizokuwa na uaminifu wa namna hiyo, na moja ilikuwa yangu.

Lucille alifariki miaka minne iliyopita. Mwaka uliofuata Delbert akaanza kupotea.

Kwanza yalikuwa mambo ya kuchekesha. Aliweka miwani kwenye friji, akamwita paka kwa jina la mbwa aliyekufa zamani. Halafu hayakuchekesha tena. Agosti walimkuta kule kupita mji wa Pinconning, pikapu yake iko katikati ya shamba la viazisukari, injini inawaka, mwenyewe amekaa wima anangoja geti la kiwanda lifunguliwe. Kiwanda hicho kilifungwa tangu mwaka themanini na tisa. Daktari akasema asiendeshe tena. Delbert akasema daktari ni mtoto mdogo.

Na kila Jumanne Delbert humchukua mjukuu wake Josie shuleni. Josie ana miaka tisa. Mama yake, Renata, ambaye ni binti pekee wa Delbert, anafanya kazi zamu ya mchana kwenye kiwanda cha kufua nguo za hospitali. Alijaribu kumzuia baba yake. Aliposema hakuna tena Jumanne, mzee alifika mapema kuliko yeye na kumchukua mtoto vilevile. Siku moja walirudi wamechelewa saa mbili nzima. Josie alikuwa kimya, mkanda umemkaza kifuani. "Babu alikuwa anatafuta nyumba ya bibi," alisema. Renata akaficha funguo, mzee akatoa za akiba. Akaficha za akiba, mzee akapiga simu polisi, akashitaki kwamba ameibiwa na mtu asiyemfahamu, ikabidi Renata azirudishe.

Kisha Jumapili moja Delbert mwenyewe akatoa shauri. Siku hiyo alikuwa na akili zake zote, ndiyo maana tulimsikiliza.

"Tumalizane hivi," alisema. "Jumamosi ijayo Mtawa akishinda, natoa funguo. Za pikapu, za GTO, zote, na sitasema neno. Mlevi akishinda, mtu yeyote asinifungulie mdomo mpaka Septemba nyingine. Na Jumanne ni yangu."

Renata alinitazama, nami nikatazama sahani yangu. "Sawa, baba," alisema. Angefanya nini?

Jumatatu alikuja gerejini kwangu bado amevaa sare ya kazi, ameshika bakuli la vifurushi vya kabichi vya nyama, vile alivyofundishwa na mama yake. Mtu akikuletea chakula hicho kabla hajasema shida yake, ujue shida ni kubwa.

"Mjomba, Mlevi unatengeneza wewe."

"Ndiyo kawaida."

"Basi mfanye ashindwe."

Niliendelea kufuta bisibisi ambayo ilikuwa safi tangu asubuhi. "Unajua unaniomba nini?"

"Najua. Nimekulia kwenye huu upuuzi wenu. Nilikuwa nabeba mifuko ya chumvi nikiwa na miaka sita." Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Lakini namuomba mjomba wangu, siombi fundi. Ni mtoto wangu anayekaa kwenye kile kiti."

"Amua wewe. Piga simu shuleni, waambie wasimpe."

"Nimepiga. Wanasema jina lake liko kwenye orodha, nilifute kwa barua. Nikilifuta, ataenda kule, atapiga kelele mbele ya watoto wote, na Josie ataona. Unataka Josie amkumbuke babu yake hivyo?"

"Sifanyi, Renata."

"Mjomba..."

"Nimesema sifanyi. Nimekosa mengi maishani, muulize shangazi yako Bernice aliyeniacha. Hili sijawahi. Mtawa anaweza kushinda mwenyewe, alishinda mwaka jana."

Alilia kidogo, bila sauti, kwa namna ya mtu aliyezoea kulia kazini kwenye kelele za mashine. Kisha akafuta uso kwa kiwiko na kusema nirudishe bakuli nikimaliza.

Kesho yake ilikuwa Jumanne. Sina sababu ya kwenda upande wa ile shule, lakini nilikwenda. Niliegesha ng'ambo ya barabara kama mwizi. Saa tisa na dakika kumi pikapu ya Delbert ikatoka, Josie yuko kiti cha mbele na mkoba mapajani. Kwenye njia panda kuna alama ya kusimama, kubwa na nyekundu, iko pale tangu tukiwa vijana. Delbert hakusimama. Hata hakupunguza mwendo. Lori la maziwa lililokuwa linakuja kutoka kulia lilifunga breki mpaka mgongo wake ukayumba, dereva akaishikilia honi. Delbert aliinua mkono kumsalimia. Josie aliniona, naye akanipungia, anacheka.

Nilikaa mle ndani ya gari mpaka barabara ikabaki tupu. Nina miaka sitini na tisa. Nimepanga mabati kwenye kiwanda cha magari miaka thelathini, nimefanyiwa upasuaji wa mgongo mara mbili, nimemzika dada yangu. Uchovu naufahamu. Lakini ule wa siku ile ulikuwa mwingine, ulikuwa uchovu wa kujua tayari kitu utakachofanya.

Mlevi alikuwa ameshatengenezwa. Nilimmaliza Jumapili ileile, kwa haki, jeti za namba sabini na mbili pande zote, karatasi imeandikwa na kutiwa sahihi. Jumatano asubuhi nilifungua boksi, nikalegeza boliti nne za bakuli la mbele na nne za nyuma, nikatoa jeti zote nne na kuweka za sitini na sita. Tundu la sitini na sita ni dogo kidogo tu, huwezi kuiona tofauti kwa jicho. Injini isingeungua. Ingekosa tu kile kijiko cha mwisho cha petroli pale inapokitaka zaidi, ingechoka mwishoni mwa robo maili. Nilifanya hesabu vizuri, hata wizi nilitaka niufanye kifundi. Karatasi sikuigusa. Iliendelea kusema sabini na mbili, na sahihi yangu chini yake.

Jumamosi kulikuwa na jua hafifu na upepo wenye harufu ya viazisukari vinavyovunwa. Uwanja ule uko katikati ya mashamba, mstari mmoja wa lami, benchi za mbao, kibanda cha mtangazaji. Hakuna kona, hakuna njia panda. Delbert akiwa pale huwa hawezi kupotea, na nilijua kwamba ndiyo maana anapapenda hivyo. GTO nililileta mimi. Yeye alikuja na pikapu, Renata nyuma yake kwenye gari lake, taa za dharura zikiwakawaka njia nzima.

"Shemeji!" aliita kabla hata hajashuka. "Mtawa wako ameungama dhambi zake? Leo anazikwa."

"Mlevi wako ndiye atakayehitaji padri."

"Mlevi hahitaji padri, anahitaji petroli. Renata, mpe mjomba wako kiti, mgongo wake umepinda kama ndoano."

Alikuwa mzima kabisa asubuhi ile, na mimi nikazidi kujichukia. Watu tuliozoeana nao walikuja kutusalimia, wakaweka dau la soseji na kahawa. Tukarusha sarafu, ikaangukia kwangu kuanza.

Nikafungua boksi la Mtawa. Kabureta ilikuwa inang'aa, kila kiungo kimefutwa. Juu yake kulikuwa na karatasi, na chini ya karatasi hiyo nyingine, na chini yake nyingine.

"Shemeji, mbona karatasi tatu?"

Delbert alizichukua. Ya Jumatatu, ya Jumatano, ya Ijumaa. Namba zote zilezile, sahihi ileile, na chini ya kila moja kaandika: *Nimeifungua yote. Iko vizuri.* Alikuwa ameitengeneza mara tatu. Kila mara alikuwa amesahau kwamba ameitengeneza, na kila mara aliifungua mpaka kijispringi cha mwisho na kunipangia kilicho bora. Alizitazama karatasi zile muda mrefu, midomo ikicheza.

"Nilitaka kuwa na uhakika," alisema mwishowe.

"Ndiyo," nilisema. "Afadhali uhakika."

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini ardhi ya Michigan ni ngumu, na mtangazaji alishaita namba yetu.

Sikumbuki kama nimewahi kuendesha lile gari likiwa katika hali ile. Lilitoka laini, na pale midomo ya nyuma ilipofunguka nilisikia kitu kimenisukuma mgongo, mgongo huuhuu mbovu, na nikacheka peke yangu. Sekunde kumi na tatu na pointi themanini na nane. Katika miaka yote Mtawa hajawahi kushuka chini ya kumi na tatu na tisini. Mbio mbili zilizofuata hazikufikia hapo, lakini hazikuwa mbali. Niliporudi, aliyekuwa anapiga makofi kuliko wote ni Delbert.

"Unaona nilivyokutengenezea? Hata mtawa akipewa fundi mzuri anacheza!"

Tulibadili kabureta. Alinisaidia kutoa kile kibao cha alumini kinachokaa chini yake, akafunga boliti kwa kupapasa, bila kutazama, huku anapiga hadithi ya kuvua samaki aina ya trauti wa kilo nne. Nilikuwa nasema "eeh" na "kweli?".

Mbio yake ya kwanza, kumi na nne na thelathini na moja. Delbert alirudi, akakunja uso, akaenda tena. Kumi na nne na ishirini na saba. Safari hii alizima injini palepale mwisho wa mstari, akaliacha gari lisukumwe na vijana wa uwanja mpaka kwetu, na nikajua kwa nini. Anayezima hivyo anataka kusoma rangi ya plagi, zile za cheche, kabla hazijadanganya.

Alishuka, akafungua boneti. Kisha akasema, taratibu, "Renata, mama, kaninunulie kahawa. Ya mjomba wako pia. Mstari ni mrefu, usiharakishe."

Renata alikwenda. Delbert alivaa glavu, akafungua plagi moja, akaigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa nyeupe kama chaki. Plagi iliyoshiba huwa na rangi ya kahawia. Nyeupe maana yake njaa.

Hakuniuliza. Alichukua spana, akalegeza boliti nne za bakuli, petroli ikamtiririkia vidoleni na kwenye kopo. Akaingiza bisibisi, akatoa jeti, akavaa miwani, akaiinua.

"Sitini na sita," alisoma. Akachukua karatasi kutoka kwenye boksi. "Na hapa umeandika sabini na mbili."

Njia ya mwongo fupi, wahenga walisema, na yangu ilikuwa robo maili.

"Ndiyo," nilisema.

"Zote nne?"

"Zote nne."

"Hukukosea mkono? Hukuchanganya makopo ya jeti?"

Alikuwa ananipa mlango wa kutokea. Ningeweza kuupita, na mpaka leo sijui kilichonizuia. "Sikukosea, Delbert."

Alikaa juu ya mfuko wa chumvi, jeti ile ndogo kiganjani. Upande wa pili wa uwanja magari mengine yalikuwa yanaondoka, kelele ikija na kupotea.

"Unakumbuka mwaka ule tuliogombania nyumba ya mama yenu?" aliuliza. "Hatukusemeshana kutoka Krismasi mpaka Septemba."

"Nakumbuka."

"Ulisema utanizika wima."

"Nilisema."

"Na Mlevi ulimtengeneza. Nilishinda mwaka ule. Lucille alicheka mpaka akakohoa." Akaigeuza ile jeti kiganjani. "Ulinichukia, na hukuniibia. Leo hunichukii."

"Leo sikuchukii."

"Basi niambie."

Nikamwambia. Kuhusu njia panda, alama ya kusimama, lori la maziwa, honi. Nilimwambia kwamba aliinua mkono kumsalimia dereva.

"Josie alikuwemo?"

"Alikuwemo. Alinipungia."

Alitazama mbele yake kama anaitafuta ile Jumanne kwenye lami. "Silikumbuki lori," alisema. "Kaz, haki ya Mungu silikumbuki." Akafuta miwani kwa shati lenye petroli, ikazidi kuwa chafu. "Daktari aliniambia, nikasema ni mtoto. Renata aliniambia, nikasema anataka nyumba yangu. Wewe ulikaa kimya tu. Nikawa najiambia, maadamu Kaz yuko kimya, siko vibaya hivyo. Kaz angesema."

Kumwambia ukweli wakati alipoweza kuusikia ndiyo ilikuwa kazi yangu, na nilikuwa nimeiacha, nikaona rahisi kubadili jeti.

"Kama wewe umefika mahali pa kuniibia," alisema, "basi mimi naumwa kweli."

Mtangazaji aliita namba yetu, mbio ya tatu na ya mwisho ya Delbert Haske. Watu wa benchi walipiga miluzi.

"Za sabini na mbili ninazo kwenye sanduku," nilisema. "Dakika tano tu, Delbert. Nakurudishia zote nne, unakwenda kwa haki."

Niliona anavyotaka. Mkono wake wa kulia ulishajikunja kama umeshika gia. Alikuwa na nafasi nzuri, nasema kweli; kwa jeti zile, kwenye hewa kavu ya siku ile, Mlevi angeweza kushuka mpaka themanini na tano. Naye alilijua hilo kuliko mimi.

"Hapana," alisema. "Ukinirudishia nitashinda, na nikishinda nitaendesha. Najijua."

Akairudisha jeti ya sitini na sita mahali pake, yeye mwenyewe, akaikaza kwa bisibisi mpaka ikalia. Akafunga bakuli. Karatasi yangu akaikunja mara nne na kuitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Kisha akamwashiria mtangazaji kwa mkono kwamba basi, tumemaliza. Kwenye benchi mtu mmoja alizomea, wengine wakamwambia anyamaze.

Renata alirudi na vikombe vitatu juu ya kipande cha boksi, anatembea kwa uangalifu asimwage. Delbert alitoa bunda la funguo. Alihangaika nalo, maana ufunguo wa nyumba ulikuwa umekwama kwenye pete ileile na kucha zake hazina nguvu tena. Nilinyoosha mkono nimsaidie, akauondoa mkono wangu. Mwishowe ufunguo wa nyumba ukatoka, akautia mfukoni, na bunda zima lililobaki akamwekea binti yake kiganjani.

"Mtawa ameshinda," alisema. "Kumi na tatu na themanini na nane. Hakuna wa kubisha."

"Baba." Renata alimkumbatia, kahawa ikimwagikia viatu vyao. Halafu akaja kunikumbatia na mimi, akanisemea shingoni, kwa kunong'ona, lakini Delbert ana masikio mazima, hayo hayajaharibika.

"Asante kwa kukataa, mjomba. Sijalala tangu Jumatatu. Ungekubali, ningemtazamaje usoni?"

"Alikataa nini?" Delbert aliuliza.

Renata alitahayari. Alijifuta macho, akaamua kusema. "Nilimwomba akuharibie kabureta, baba. Nisamehe. Alikataa katakata."

Delbert alikunywa kahawa yake polepole. Alinitazama juu ya kikombe, nami nikangoja, na katika kungoja kule ningekubali aseme lolote, ningeshukuru hata tusi.

"Huyu?" alisema. "Huyu hawezi kuniibia. Miaka arobaini na miwili, namjua."

Nikachukua spana na kuanza kulegeza boliti za kabureta. Ilikuwa bado ya moto, na nilizitoa zote nne bila kuinua kichwa.